Kalipa za Hilux kwenye Datsun ya mjomba

Tarehe 27 Desemba, majira ya saa kumi jioni, nilikuwa nashuka kutoka Marangu juu, jirani na geti la Mlima Kilimanjaro, nikielekea Himo. Ndani ya gari tulikuwa wawili, mimi na mama mdogo, na kule nyuma tumepakia mikungu mitatu ya ndizi ambayo bibi alikataa katakata tuiache. Wanaoijua barabara ile wanajua inavyokuwa siku za sikukuu: kila Mchagga yuko nyumbani, Noah za abiria zinasimama popote abiria anapogonga bati, watoto wametapakaa pembeni na nguo mpya. Chini kidogo ya Marangu Mtoni, Noah iliyokuwa mbele yangu ikasimama. Nikakanyaga breki. Pedeli ikazama.

Nataka nieleze ilivyozama, kwa sababu baadaye jambo hilo ndilo lililofumbua kila kitu. Haikuwa ngumu. Ililainika kama godoro, ikashuka mpaka sakafuni, na gari likaendelea na safari yake. Nikapampu mara tatu, ikapanda kidogo. Nikatia gia ya pili, injini ikalia. Nikavuta hendibreki, haikushika chochote. Nikalipitisha gari ubavuni mwa ile Noah kwa nafasi ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka, tukaishia kwenye ua wa watu wa masale, ule mmea wa Wachagga. Mama mdogo hakupiga kelele. Alishika tu dashibodi kwa mikono yote miwili, na alipoiachia niliona vidole vyake vinatetemeka. Kesho yake nilirudi kwa mwenye ua nikiwa na jani la isale mkononi, kumwomba radhi kwa desturi ya kwetu. Alinipokea vizuri, akasema, "Mangi, masale yataota. Hilo gari ndilo litazamwe."

Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya mwaka 1972. Mjomba alilileta Moshi kutoka Nairobi zamani, na alipofariki likabaki kwangu. Alilipenda kwa sababu ya Safari Rally: mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na mwaka 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena na gari la aina hiyo hiyo. Alikuwa na picha za magazeti ya wakati ule, alizikunja ndani ya kitabu cha maelekezo cha gari, na mimi sijazitoa. Injini ni ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, gari zima lina uzito wa kilo kama 1,050, na likikaa barabarani linatamani kwenda. Kwa hiyo ninapozungumzia breki zake, nazungumzia kitu cha ndugu yangu ambacho sitaki kimuue mtu.

Jibu langu la kwanza baada ya siku ile lilikuwa la haraka: breki za kiwandani ni ndogo, niweke kubwa. Mbele 240Z ilitoka na diski za milimita 271 na kalipa za pistoni mbili, hizo zinazobana diski kwa pedi, na nyuma dramu za inchi 9. Na wapenzi wa gari hili duniani kote wanajua siri moja ambayo kwetu ni kama zawadi: kalipa za pistoni nne za Toyota Hilux 4WD za mwanzoni mwa miaka ya 1980 zinaingia kwenye mguu wa mbele wa 240Z bila kutoboa tundu jipya. Nafasi ya boli zake ni ile ile, na diski ya Datsun unaibakiza. Kuna zenye alama S12+8 kwenye chuma chake, hizo ndizo za diski nyembamba ya kiwandani. Zenye alama S12W ni pana zaidi, zinataka diski nene zenye matundu ya hewa, na hapo kazi inakuwa nyingine. Sasa fikiria mtu anayetafuta spea za Hilux ya zamani Moshi au Arusha. Ni kama kutafuta maji mtoni.

Nilipata jozi Majengo, Moshi, kwenye Hilux iliyokuwa inachinjwa. Pistoni mbili zilikuwa na kutu yenye vishimo, na pistoni yenye vishimo haipigwi msasa ikarudishwa, kwa sababu kila inapopita kwenye sili, ile raba inayozuia mafuta yasivuje, inaikata. Nikanunua pistoni mpya, sili mpya, pedi mpya. Kijana wa gereji, fundi mwenye mikono mizuri kwelikweli, akakata kipande cha bati la kuzuia vumbi nyuma ya diski ili kalipa ipate nafasi, akapinda bomba fupi jipya la chuma, akafunga. Rimu za inchi 14 tulizigeuza kwa mkono kwanza, taratibu, kuona kama chuma kinagusa chuma. Zilipita, lakini kwa nafasi ya unene wa spana ndogo.

Kisha tukaanza kutoa upepo, yaani hewa iliyonaswa kwenye mabomba ya breki. Tulitoa upepo asubuhi, tukatoa mchana, tukamaliza chupa tatu za mafuta ya breki, na pedeli bado ikawa laini. Jioni ndipo nilipochuchumaa kando ya gurudumu nikaona boli ya kutolea upepo iko chini ya kalipa. Kalipa ya kulia ilikuwa imefungwa kushoto, ya kushoto kulia. Zinaingia vizuri tu pande zote mbili, ndiyo maana kosa halijionyeshi. Lakini hewa hupanda juu, na kama mlango wake uko chini unaweza kukanyaga pedeli mpaka Pasaka. Tulizibadilishana, na katika nusu saa pedeli ikapanda.

Ikapanda, lakini siyo nilivyotarajia. Ilikuwa ndefu, inaanza kushika ikiwa katikati ya safari yake. Na baada ya kilomita chache gari likaanza kuvuta kushoto, tena likivuta zaidi ninapoachia breki kuliko ninapokanyaga. Kijana akasema, "Kaka, hapo ni pedi hazijazoea bado, litakaa sawa." Nilitaka sana kumwamini. Nilikuwa nimetumia fedha, gari lina kalipa za Hilux, na kwenye akili yangu tatizo lilikuwa limekwisha.

Aliyenizuia ni mzee mmoja wa Kiboriloni aliyeanza ufundi enzi za Datsun 1200 na Peugeot 404. Nilimpelekea gari ili alione tu, kwa sababu nilijua angefurahi. Baada ya shikamoo na marahaba alizunguka gari mara moja, akaomba kikombe cha maji. Akachovya vidole, akarushia matone kwenye rimu ya mbele kulia. Yakakauka polepole. Akaenda kushoto. Yakalia "chss" yakapotea.

"Ulikanyaga breki sana kuja hapa?"

"Hapana, Meku. Nimetoka mjini tu, barabara tambarare."

"Basi kuna anayekukanyagia."

Alichofanya baada ya hapo nimekifanya mwenyewe mara nyingi tangu siku ile, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu hakihitaji mashine yoyote. Tuliinua gurudumu la mbele kushoto kwa jeki. Nikakanyaga breki, nikaachia. Mzee akajaribu kuzungusha gurudumu, likagoma. Akalegeza nati ya bomba la chuma kabla halijaingia kwenye mpira wa breki, lile bomba la raba linalopeleka mafuta kwenye kalipa. Tone moja likatoka, gurudumu likaendelea kugoma. Akakaza. Kisha akalegeza boli ya kutolea upepo kwenye kalipa. Mafuta yakaruka kwa nguvu, na gurudumu likazunguka lenyewe. Akaniangalia. Presha ilikuwa upande wa kalipa, haikuwa upande wa masta silinda, ile pampu inayosukumwa na pedeli, na katikati yake kuna kitu kimoja tu: mpira.

Tuliufungua, akaupasua kwa kisu. Nje ulikuwa safi, hauna hata ufa, ndiyo maana niliuacha nilipobadilisha kalipa. Ndani ulikuwa umevimba mpaka tundu limebaki kama la sindano. Mguu wangu ulikuwa na nguvu ya kusukuma mafuta yapite kwenye tundu lile, lakini pistoni za kalipa hazina nguvu ya kuyarudisha. Kwa hiyo kila nilipoachia breki, gurudumu la kushoto halikuachia. Pedi zilibaki zinasugua diski kilomita baada ya kilomita.

Ndipo jioni ile ya Marangu ikaeleweka. Pedi zikipata joto kupita kiasi, pedeli hubaki ngumu na juu, ila gari halipungui mwendo. Pedeli ikizama na kuwa laini, ni mafuta yamechemka, kwa sababu mvuke unabanwa na kimiminika hakibanwi. Yangu ilizama. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya yanapaswa kustahimili angalau nyuzijoto 205 kabla ya kuchemka. Lakini yanafyonza unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na yakishashiba maji kiwango chake kinashuka hadi nyuzijoto 140. Ya kwangu sijui mjomba aliyabadilisha lini. Yalikuwa na rangi ya kahawa. Na mteremko wenyewe siyo mdogo. Kutoka geti hadi Himo unashuka takriban mita 1,000. Gari lenye kilo 1,200 pamoja na watu na ndizi linabeba kwenye mteremko huo nishati sawa na kusimamishwa mara 25 kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa, au joto la kuchemsha karibu lita 35 za maji. Upepo na injini vinachukua sehemu yake, ukishuka kwa gia ndogo injini inachukua sehemu kubwa sana, lakini kinachobaki chote kinaingia kwenye breki. Mimi nilishuka na gia ya nne, nikiongea, na gurudumu moja likiwa limebanwa tangu juu.

Kalipa za kiwandani hazikuwa na kosa. Kwa miezi miwili nilitafuta ukubwa, na kilichohitajika kwanza kilikuwa mipira minne na chupa mbili za mafuta. Hili lilinichoma, na bado linanichoma, kwa sababu nilimpakia mama mdogo kwenye gari ambalo sikuwahi hata mara moja kuligusa rimu zake baada ya safari.

Kuhusu mafuta, niseme jambo. Jina lenyewe linatudanganya. Tukisema "mafuta ya breki" mtu anadhani ni ndugu wa oili, na nimeona kwa macho yangu dereva akijazia oili ya injini kwa sababu "ni mafuta tu". Oili inavimbisha sili na mipira yote kwenye mfumo, na baada ya hapo unabadilisha kila chenye raba. Pia kuna duka moja walinimiminia kwenye chupa ya soda kutoka kwenye dumu lililokuwa wazi rafuni. Sikuyatumia. Mafuta yanayofyonza unyevu hayawekwi wazi, hasa Moshi wakati wa masika. Siku hizi nanunua DOT 4, chupa ndogo yenye lakiri, naifungua siku ya kazi, na kinachobaki sikirudishi kwenye gari lolote.

Mzee hakuniambia nizitoe kalipa za Hilux. Alizipenda. Ila aliniambia nimefunga mdomo mkubwa kwenye koo lile lile. Masta silinda ya kiwandani ina kipenyo cha inchi 7/8, yaani milimita 22.2. Kalipa za pistoni nne zinataka mafuta mengi zaidi kila unapokanyaga, kwa hiyo pedeli lazima isafiri zaidi. Dawa inayojulikana ni masta silinda ya inchi 15/16, milimita 23.8, kama ya Datsun 280ZX ya 1979 hadi 1981. Inasukuma mafuta asilimia 15 zaidi kwa mwendo ule ule wa pedeli. Lakini hakuna cha bure: kwa nguvu ile ile ya mguu, presha inapungua kwa takriban asilimia 13. Kalipa kubwa zinaifidia hiyo, na unachopata mwishoni ni pedeli fupi yenye ugumu wa kuaminika. Binamu aliipata Nairobi, ikaja kwa basi kupitia mpaka wa Holili.

Kuifunga kulikuwa na hatua ambayo kijana wa gereji hakuijua wala mimi sikuijua. Kati ya busta, kile kinachoongezea mguu nguvu, na masta silinda kuna fimbo fupi. Ikiwa ndefu mno, inaisukuma pistoni kidogo hata kabla hujakanyaga, tundu la kurudishia mafuta linazibwa, na breki zote zinajibana zikipata joto. Mzee alimtuma mjukuu wake alete udongo wa kuchezea, ule wa rangi wa watoto. Akaweka kipande kwenye ncha ya fimbo, tukafunga masta silinda, tukaifungua tena, akapima unene uliobaki. Alirekebisha ncha ya fimbo mara tatu mpaka akaridhika kuwa ipo nafasi ndogo sana, isiyofika milimita moja. Yule mtoto alisimama pale muda wote akisubiri udongo wake.

Na nyuma. Niliamini breki za nyuma hazina kazi kubwa kwa kuwa uzito wote unakwenda mbele. Dramu za gari hili ni nzuri, za aluminiamu zenye mapezi ya kupoza na pete ya chuma ndani. Tulipozifungua, viatu, vile vipande vinavyosugua dramu kwa ndani, vilikuwa vinene kabisa, karibu kama vipya, nami nikafurahi. Mzee hakufurahi. Viatu vya gari la miaka hiyo kuwa vinene maana yake havifanyi kazi. Silinda ya gurudumu kwenye 240Z inatakiwa iteleze kidogo kwenye bati lake ili isukume viatu vyote viwili. Zangu zilikuwa zimegandishwa na kutu, hazisogei. Tena kirekebishi cha viatu kinajikaza kila unapovuta hendibreki, na waya wa hendibreki ulikatika tangu enzi za mjomba. Sisi huku tumezoea: ukiegesha unatia gia, unaweka jiwe nyuma ya tairi, maisha yanaendelea. Jiwe lile lilikuwa linanigharimu pedeli. Kwa miaka yote hakuna kilichovuta hendibreki, kwa hiyo viatu vilibaki mbali na dramu, na sehemu ya kila mkanyago ilikuwa inapotea kuvifuata vilipo. Tukasafisha njia ya silinda, tukabadilisha sili, dramu zikapelekwa kukerezwa kidogo ziwe duara kamili, waya mpya wa hendibreki ukawekwa. Nilipoanza kuvuta hendibreki nilisikia kirekebishi kikibofya, tik, tik, tik, na kila mlio pedeli ikapanda kidogo. Huo mlio ulinifurahisha kuliko kalipa zote.

Majaribio tuliyafanya barabara ya TPC, kiwanda cha sukari, asubuhi na mapema, kabla baiskeli na matrekta ya miwa hayajaanza kupita. Kwanza kuzizoesha pedi: unakwenda kilomita 60 kwa saa, unapunguza mpaka 15 bila kusimama kabisa, unaongeza tena, mara nane au kumi, halafu unaendesha polepole zipoe bila kukanyaga. Ukisimama na kushikilia breki wakati diski ina moto, unaacha alama ya pedi palepale na baadaye utausikia mtetemo mguuni. Kisha lile la muhimu. Kijana alisimama kando ya barabara, mimi nikapita nikikanyaga kwa nguvu, yeye akiangalia tairi zipi zinajifunga kwanza. Ni lazima za mbele zijifunge kabla ya za nyuma kwa tofauti ndogo. Za mbele zikijifunga, gari linakwenda moja kwa moja na usukani haukusikilizi mpaka uachie; za nyuma zikitangulia, linageuka na kutazama ulikotoka. Tulirudia siku ya mvua, maana kwenye lami yenye maji uzito hauhamii mbele kiasi kile na majibu yanaweza kubadilika. Za mbele zilitangulia mara zote mbili. Nilikuwa tayari kununua valvu ya kupunguza presha ya nyuma, ikawa haina haja.

Pasaka mama mdogo aliniambia anataka kwenda kwa bibi na kwamba atapanda gari langu. Sikumwomba. Tulirudi jioni, mikungu miwili safari hii. Kutoka getini nilitia gia ya tatu, chini ya Mtoni ya pili, na pale palipokuwa na ile Noah nilikanyaga mapema kuliko ilivyohitajika. Pedeli ilisimama juu, ngumu. Masale yalikuwa yameshaota.

Himo nilisimama. Mama mdogo alishuka kununua vitunguu, mimi nikazunguka gari na chupa ya maji kama alivyofanya mzee. Mbele kushoto na kulia matone yalikauka kwa mwendo mmoja. Nyuma niliweka kiganja karibu na dramu, na kwa mara ya kwanza tangu gari lile liwe langu nikahisi joto. Ya kulia ilikuwa na joto pungufu kidogo kuliko ya kushoto. Jumamosi nitaifungua.